Kikao cha Dharura Kuhusu Macho Mekundu ya Mtoto Yona

CHAMA CHA WAANIKA DAGAA, MWALO WA KIBIRIZI
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI

Tarehe: Jumamosi, 8 Juni 1996, kikaahirishwa na kumalizika Jumamosi, 29 Juni 1996.
Mahali: Ofisi ya chama, kisha benchi la wagonjwa hospitalini, kisha ofisini tena.

WALIOHUDHURIA
Mzee Anatoli Ntabaye – Mwenyekiti
Bi Veneranda Ruhomvya – Makamu Mwenyekiti
Bi Kudra Hamimu – Mhazini
Bw. Feliksi Kabwe – Mjumbe, kwa niaba ya wapagazi
Bw. Vedasto Rwegasira – Afisa Uvuvi, mshauri wa kamati (hana kura, ila ana maoni)
Dismasi Gwimo – Katibu

ASIYEHUDHURIA
Bi Leonida Sebabili – Mjumbe. Yuko msibani Ilagala, alitoa taarifa.

WAALIKWA
Bi Esther Bukuru (Mama Yona) – mkimbizi kutoka Rumonge, anaishi chumba cha ghala la chama
Yona – mwanawe, mwaka mmoja na nusu

KUMB. NA. 1/96: KUFUNGUA KIKAO

Kikao kilipangwa kuanza saa tatu asubuhi. Kilianza saa nne, kwa sababu Makamu na Mhazini wote wawili walitaka kukaa karibu na dirisha. Mwenyekiti aliamua kiti cha dirishani akalie yeye. Iliombwa dua, ikasomwa na sala, kila upande ukihakikisha wake haukuwa mfupi.

KUMB. NA. 2/96: MANENO YA MWENYEKITI

Mwenyekiti aliwakumbusha wajumbe kwamba Mama Yona alifika mwaloni na boti ya wakimbizi, mtoto mgongoni, baada ya kupotezana na mumewe katika vita. Chama kilimpa chumba cha ghala, naye hugeuza dagaa kwenye chanja na kulinda usiku. Kazi yake haijawahi kulalamikiwa, jambo ambalo haliwezi kusemwa juu ya mjumbe yeyote wa kamati hii.

Tatizo ni macho ya mtoto. Yalianza kuwa mekundu karibu na Pasaka na hadi sasa hayajapona. Wiki iliyopita mnunuzi kutoka Dar es Salaam alimkuta mtoto amekaa kando ya chanja, inzi wamemjaa usoni. Mnunuzi yule alisema atarudi kesho yake. Hakurudi, alinunua kwa majirani. Kwa hiyo kamati ilitakiwa kujadili mambo mawili: chanzo cha wekundu huo, na kama mama na mtoto waendelee kukaa ghalani au wapelekwe kambini kama wenzao.

Katibu aliuliza kama mtoto ameshapelekwa hospitali. Mwenyekiti alijibu kwamba jambo hilo halimo kwenye ajenda.

KUMB. NA. 3/96: CHANZO CHA WEKUNDU

Bw. Vedasto aliomba wajumbe wasihangaike, kwani huo ni ugonjwa wa trakoma, alisoma habari zake alipokuwa chuoni. Makamu alimuuliza kama chuoni alisomea macho. Alijibu kwamba alisomea samaki, lakini samaki nao wana macho.

Bw. Feliksi alisema ni moshi. Mama Yona hupikia ndani, tena kwa kuni mbichi. Alikumbushwa kwamba anayemletea kuni hizo ni yeye mwenyewe. Aliondoa hoja.

Mhazini alieleza kwamba mtoto amepatwa na husuda. Ni mtoto mnene, mzuri, na wapo watu hapa mwaloni wanaomsifu bila kutaja jina la Mungu. Wakati akisema hayo alimtazama Makamu. Makamu aliomba iandikwe kwamba ametazamwa. Imeandikwa.

Makamu alisema husuda ipo, lakini kubwa ni vumbi na mchanga, hasa kutoka chanja za Mhazini zilizoko upande wa upepo. Mhazini alijibu kwamba chanja zake zilikuwapo pale kabla Makamu hajaijua Kibirizi. Majadiliano ya chanja yalichukua muda mrefu. Katibu hakuyaandika kwa kuwa yamo katika kumbukumbu za vikao vyote vya mwaka jana.

Mwenyekiti alisema kwa maoni yake mtoto anamlilia baba yake, na jicho likilia mno huwa jekundu. Bw. Vedasto alisema hakuna jicho linalolia miezi yote hiyo. Mwenyekiti akamwambia, "Wewe hujapotelewa na mtu."

Katibu alichangia kwamba huenda ni joto la mwilini. Hakuna aliyemuuliza maana yake, na Katibu anawashukuru.

Mwishowe wajumbe walikubaliana kwa kauli moja kwamba ugonjwa huo, uwe wowote ule, ulikuja na boti. Hilo ndilo jambo pekee lililokubaliwa na wote asubuhi hiyo, na ndilo lililokosa ushahidi kuliko yote. Bw. Feliksi alisema yeye ndiye aliyempokea mtoto alipokuwa anateremshwa majini, na macho yake yalikuwa safi kabisa. Aliambiwa muda umekwenda.

KUMB. NA. 4/96: MAELEZO YA MPANGAJI

Mama Yona aliitwa. Aliingia na kuwaamkia wajumbe wote shikamoo, hata Bw. Feliksi ambaye amemzidi kwa mwaka mmoja. Mtoto alikuwa ameficha uso shingoni mwa mama yake. Mwanga wa dirisha ulipompata alilia, hivyo mama akageuka, na kwa muda kamati ilizungumza na mgongo wake.

Mwenyekiti alimwambia: "Mama Yona, tueleze bila kuogopa. Unamtia nini huyu mtoto machoni?"

"Mimi, mzee?"

"Si wewe ndiye mama yake?"

Mama Yona aligeuka, akawatazama wajumbe mmoja baada ya mwingine. "Mumbabarire," alisema kwa Kirundi, yaani mnisamehe. "Niliambiwa nisiseme."

"Uliambiwa na nani?"

Makamu alidakia: "Si ajabu ni ule wanja wa Bi Kudra."

Mhazini aliuliza, "Wanja wangu wewe umeuona wapi?"

"Machoni pa mtoto. Nilipata kazi kuufuta kabla sijatia yangu."

"Yako ipi?"

Hapo Makamu aliomba maji ya kunywa.

Alipokwisha kunywa alikiri kwamba alikuwa akimkamulia mtoto majani ya mubirizi, matone machache tu, jioni. Mhazini alisema kwa sauti iliyosikika nje: "Mubirizi! Haya tunayowanywesha kuku wakiumwa?" Makamu alijibu kwamba kuku wake wote wanaona. Mhazini alieleza kwamba wanja wake ni safi, wa Ujiji, ameurithi kwa bibi yake, na hakuna aliyewahi kupofuka kwa kuutumia isipokuwa bibi mwenyewe, ambaye alikuwa mzee.

Bw. Feliksi alicheka sana. Mama Yona alimtazama, si kwa hasira, naye akaacha kucheka. Bw. Feliksi alisema yeye alileta maji ya chumvi ya Uvinza, kidogo tu, kama ya kuoshea kidonda.

Bw. Vedasto alisikitika kuona watu wazima wanatibu watu bila utaalamu. Mama Yona alimuuliza kama amrudishie ile chupa yake yenye mpira wa kudondoshea, kwa kuwa imekwisha. Bw. Vedasto alieleza kwamba hiyo ilikuwa dawa halali, aliandikiwa yeye mwenyewe huko Bukoba alipoumwa macho mwaka juzi. Tarehe ya mwisho wa matumizi hakuijua kwa kuwa karatasi yake ilibanduka.

Mwenyekiti alipiga meza. Alisema anaona aibu kuongoza kamati ya waganga wa kienyeji. Mama Yona akainamisha kichwa. Mwenyekiti alimwona akiinamisha kichwa, akakaa, halafu akasema kwa sauti ndogo: "Asali si dawa. Asali ni chakula."

Makamu aliuliza kama katika chumba kile amebaki mtu mwenye mikono safi. Wajumbe walimtazama Katibu, ambaye hakuwa amekiri chochote. Katibu aliendelea kuandika. Mama Yona alisema kwa upole kwamba chai ya rangi ya Bwana Katibu haikumwasha mtoto kama zile nyingine. Katibu aliomba maneno hayo yasiingie kwenye kumbukumbu. Mwenyekiti aliamuru yaingie.

Bw. Feliksi alimshukuru Mungu kwamba angalau Bi Leonida, aliyeko Ilagala, hakuhusika. Mama Yona alisema mawese ya Bi Leonida yalifika kwa boti ya Jumatatu, na maagizo yakiwa ni kupaka kope na kuacha yaingie yenyewe.

Mwenyekiti alimuuliza kwa nini hakumwambia mtu. Alijibu: "Kila aliyekuja alisema yake ndiyo dawa, za wenzake ni sumu. Alisema nisimwambie mtu. Mkishatoka namwosha kwa maji. Lakini siku nyingine mnakuja wawili, watatu, mmoja hajatoka na mwenzake anabisha hodi."

Kisha akaongeza, na haya hakuulizwa: "Tangu juzi hili la kushoto halifunguki. Nikimpa andazi, mkono unapita pembeni."

Mwenyekiti alichukua kipande cha andazi kwenye sahani ya chai, akapiga magoti mbele ya mtoto na kumnyooshea. Mtoto alijua kuna andazi, kwa kuwa alinusa akatabasamu. Alinyoosha mkono. Ulipita kando ya andazi, ukashika hewa.

Mwenyekiti alibaki amepiga magoti. Halafu alivaa kofia yake, akasema kwamba ajenda inayofuata ni hospitali.

KUMB. NA. 5/96: KIKAO KUHAMIA HOSPITALI

Wajumbe wote walipanda gari la uvuvi, Bw. Vedasto akiendesha. Mama Yona alikalishwa mbele. Makamu na Mhazini walikaa nyuma juu ya gunia moja, na njia nzima hawakugombana.

Hospitalini muuguzi aliuliza nani yuko na mgonjwa. Walisimama watu saba. Aliuliza tena, nani mzazi. Waliketi sita.

Mtaalamu wa macho, Bi Joanitha, aliruhusu mama na mtu mmoja tu kuingia. Kamati ilimteua Mwenyekiti. Wengine walibaki mlangoni, nusu ndani, kwa lengo la kulinda akidi. Bi Joanitha aliuliza mtoto ametiwa nini. Kila mjumbe alitaja yake kwa kinywa chake. Katibu alitamka "chai" kwa sauti ndogo na akaombwa kurudia. Ilipotajwa asali, Bi Joanitha aliacha kuandika. Yalipotajwa mawese, alivua miwani.

Mama alimpakata mtoto na kumshika kichwa. Bi Joanitha aligeuza kope zote mbili, akatazama taratibu, akamwimbia mtoto wimbo usio na maneno. Alidondosha rangi ya manjano, akamulika kwa taa ya bluu. Kwenye jicho la kushoto liling'aa doa la kijani. Alimwita Mwenyekiti: "Mzee, sogea uone."

Mwenyekiti aliona, akatoka nje akasimama ukutani. Katibu alimfuata. Mwenyekiti alikuwa anafuta macho kwa kofia, akasema ni vumbi. Katibu anaandika vumbi.

Bi Joanitha aliieleza kamati, bila kupandisha sauti, kwamba macho ya mtoto mdogo huwa mekundu kwa mambo mengi. Huweza kuwa moshi au vumbi. Huweza kuwa ule ugonjwa wa macho unaoambukiza, wenye tongotongo, ambao mara nyingi huondoka wenyewe. Huweza kuwa kitu kilichonasa chini ya kope, au kope zilizogeukia ndani, au mzio, au kuumia. Na yapo machache mabaya yanayokaa ndani ya jicho, ambayo huwezi kuyaona ukiwa umesimama kando ya chanja. Ndiyo maana mtoto mwenye wekundu usiopoa, au anayekimbia mwanga, hapelekwi kwa jirani.

Bw. Vedasto aliuliza kuhusu trakoma. Bi Joanitha alisema hakuiona.

Mwenyekiti, ambaye alikuwa amerudi, aliuliza basi kilichoanza ni nini. Alijibiwa: "Sijui, mzee. Pengine ni moshi, pengine ni ugonjwa mdogo ambao ungekwisha zamani. Nyayo zake mmezifuta. Ninachokiona leo ni macho yaliyochomwa kila siku, na kidonda kwenye kioo cha jicho."

Katibu aliuliza kama kitapona.

"Mkimwacha," alisema Bi Joanitha.

Kisha alimgeukia Mama Yona, akamuuliza kwa upole: "Dada, na wewe mbona hukukataa?"

Mama Yona alikuwa anamfuta mtoto ile rangi ya manjano shavuni. Hakuinua uso.

"Nyumba ni yao," alisema.

Wajumbe walisikia wote. Katibu ameandika kama lilivyosemwa, na hana la kuongeza. Mtoto alilazwa. Kikao kiliahirishwa palepale kwenye benchi, bila mtu kutoa hoja wala kuunga mkono.

KUMB. NA. 6/96: KUENDELEA KWA KIKAO, 29 JUNI

Bi Leonida alihudhuria. Viti vilipangwa mbali na dirisha kwa makubaliano ya wote.

Mwenyekiti alitoa taarifa kwamba mtoto ametoka hospitali. Alikuwa akitiwa dawa usiku na mchana, na mkono uliomtia ulikuwa wa muuguzi au wa mama yake tu. Wajumbe walikwenda kumwona kila siku, na mlinzi wa wodi alipewa maagizo ya kuwapekua. Bi Leonida alithibitisha kwamba alirudishwa getini na chupa ya mawese. Alisisitiza yalikuwa ya kupikia.

Macho yote mawili yameacha kuwa mekundu. La kulia ni zima. La kushoto limebaki na kovu dogo jeupe pembeni mwa mboni. Bi Joanitha amesema linaweza kufifia mtoto akikua, linaweza lisififie. Jicho linaona. Kama tungechelewa wiki moja zaidi tukijadiliana, asingetuambia hivyo. Mtoto aliletwa ndani kwa muda mfupi, akapewa andazi, akalishika bila kukosea. Kisha akashika kalamu ya Katibu, na ilimchukua Katibu muda kuirudisha.

Kamati ilirudi kwenye swali la chanzo. Makamu alipendekeza iandikwe "sababu mbalimbali". Mhazini alisema sababu mbalimbali zina majina, na zimekaa kwenye viti hivi. Makamu alifikiri kidogo, akasema Mhazini amesema kweli. Katibu aliombwa aandike sentensi hiyo mara mbili kwa kuwa haijawahi kutamkwa. Makamu alisema Mhazini amesema kweli. Iliazimiwa kwamba chanzo cha kwanza hakijulikani na hakitajulikana, na chanzo cha pili ni kamati hii. Iliazimiwa pia kwamba hakuna mjumbe atakayemtia, kumpaka, kumkamulia wala kumdondoshea mtoto kitu chochote. Bw. Feliksi alisema kamati imewahi kuazimia mengi, lakini kuazimia kutofanya kitu ndiyo kazi itakayotushinda.

Kuhusu mpangaji kupelekwa kambini, Mwenyekiti aliuliza nani mwenye hoja hiyo. Hakuna aliyeikumbuka. Katibu alianza kusoma mahali ilipoandikwa, akaombwa asome kingine. Bw. Vedasto alijitolea kumsindikiza Mama Yona kwenye ofisi za serikali kuulizia kibali cha kuishi mwaloni, na aliahidi kwamba huko hatatoa maoni.

Mama Yona aliitwa, akaelezwa kwamba anaweza kubaki. Alishukuru. Alisema bado anasubiri habari za mumewe; akisikia yuko kambini atakwenda, asiposikia atabaki, na hilo ataliamua mwenyewe. Mwenyekiti alisema ni haki yake. Kisha alimuuliza: "Mama Yona, wewe unataka nini kwetu?"

Katibu amepitia kumbukumbu zote tangu Mama Yona afike mwaloni. Swali hilo halimo.

Mama Yona alichelewa kujibu, na wajumbe walianza kumsaidia. Makamu alitaja godoro. Mhazini alitaja kanga, doti mbili. Bi Leonida alifungua mkoba wake. Mwenyekiti aliwanyamazisha wote kwa mkono.

"Komeo," alisema Mama Yona.

Bw. Feliksi alimwambia mlango wa ghala una komeo zuri la chuma, yeye mwenyewe alilifunga.

"Hilo ni la nje," alisema Mama Yona. "Mimi nataka la ndani."

Ilichukua muda kidogo wajumbe kuelewa. Wa kwanza kuelewa alikuwa Mwenyekiti, kwa sababu ndiye aliyetazama chini. Alisema jambo hili halihitaji kupigiwa kura. Bw. Feliksi alitoka kutafuta komeo na misumari, na sehemu iliyobaki ya kikao iliendeshwa kwa sauti ya nyundo.

KUMB. NA. 7/96: KUFUNGA

Nyundo iliponyamaza, Katibu alitumwa ghalani kuhakiki kazi. Alibisha hodi. Ndani alisikia mtoto akicheka. Alibisha tena.

"Nani?" aliuliza Mama Yona.

"Katibu."

"Una nini mkononi?"

"Kalamu tu."

Sauti ya ndani ikasema: "Kesho, Bwana Katibu. Sasa tunapumzika."

Hakufunguliwa. Katibu alirudi ofisini na kuripoti kwamba komeo linafanya kazi. Wajumbe walipokea taarifa hiyo kwa makofi, na Mwenyekiti akawaruhusu kwenda nyumbani kwao saa saba na nusu mchana, kila mtu kwa njia isiyopita ghalani.

Zimesomwa, zimekubaliwa, na hakuna aliyependa:

A. Ntabaye
MWENYEKITI

D. Gwimo
KATIBU